Fundi Anayeingoja Hitilafu

Gari lisilochaji kabisa halimtoi jasho fundi umeme wa Gerezani, Dar es Salaam. Linalomtoa jasho ni lile linalochaji asubuhi, likaacha jioni, kesho yake likaamka zima kana kwamba halikuwa na neno. Pikapu kuukuu za Toyota Hilux, zile za dizeli za miaka ya 1980, zinaujua sana ugonjwa huo.

Mwenye pikapu mojawapo alikwishauziwa betri mpya, na bado taa ya chaji ilikuwa ikiwaka na kuzimika kwenye dashibodi. Fundi aliyeletewa, mtu wa makamo, hakugusa spana. Aliuliza kwanza: "Huwaka saa ngapi, mzee? Injini ikiwa ya moto au ya baridi? Ukiwasha taa kubwa je?" Kisha akaweka mita kwenye betri: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, 14.2 ikinguruma. Vipimo vya gari zima. Wengi wangeishia hapo wakamrudishia mzee funguo zake.

Yeye aliwasha taa zote, akavuta kigoda, akakaa. Kazi hii ya kungoja hitilafu ijitokeze yenyewe hakuna anayeilipia, nayo ndiyo ufundi wenyewe. Injini ilipopata moto sawasawa, mita ikaanza kuteremka: 13.5, 12.9, 12.2. Akazima injini, akapapasa mkanda, umekaza. Akawasha tena, akapima ethi kutoka bodi ya altaneta hadi hasi ya betri. Karibu na sifuri, mbali na ile 0.2 inayotia shaka. Ndipo akageuza bisibisi, akagonga mgongo wa altaneta kwa mpini, taratibu, macho yakiwa kwenye mita.

Ikapanda hadi 14.

Tatizo ni kaboni za altaneta. Angeweza kuzibadili akapokea hela yake, lakini kwenye injini ya 2L ya pikapu hii pampu ya vakyumu ya breki imefungwa nyuma ya altaneta, nayo hulainishwa na oili ya injini. Sili ikichoka, oili hupenya ndani, ikachanganyika na unga wa kaboni, likawa tope jeusi linalonata. Kaboni hunasa kwenye nyumba yake, springi ikashindwa kuisukuma iguse pete ya shaba, mpaka mtikisiko wa barabara uinasue. Anayebadili kaboni na kuiacha sili ileile atamwona mteja wake tena. Fundi huyu aliosha kila kitu, akapiga pete msasa laini, akalehemu kaboni mpya, akaweka na sili mpya.

Kampuni ya Chrysler ilitoa gari la Valiant la mwaka 1960 likiwa na altaneta badala ya dainamo, na tangu hapo mengi yamebadilika ndani ya magari, lakini kaboni bado inasuguana na pete vilevile. Kilichobadilika zaidi ni gereji. Taa ikiwaka, altaneta inafunguliwa, inafungwa nyingine ya mtumba, gari linaondoka. Kijana mwanafunzi hujifunza kukaza bolti, hajifunzi kuuliza wala kungoja, kwa sababu hata anayemfundisha ana haraka. Altaneta iliyotolewa hutupwa kwenye rundo, mnunuzi wa chuma chakavu akaipima kwa kilo kwa ajili ya shaba yake. Baadhi ya hizo hazikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya kaboni mbili na sili moja.