Uzito wa Mwenzio

Mwaka 1978 Steve Paxton na Lisa Nelson, wachezaji dansi wawili wa Marekani, walianza kucheza kipande walichokiita PA RT. Muziki ulikuwa mmoja: Private Parts ya Robert Ashley, sauti ya mwanamume anayesimulia kwa utulivu kana kwamba anajisemea mwenyewe, na chini yake kinanda na tabla, ala ambayo msikilizaji wa taarabu ya Mombasa hahitaji kutambulishwa. Walikicheza kwa miaka mingi. Muziki haukubadilika, ila miondoko waliibuni upya kila walipopanda jukwaani.

Nausifu ufundi huu nikijua kwamba kwetu kubuni papo hapo kuna jina baya. Ni kazi ya mwanafunzi ambaye hakusoma, au ya mgeni rasmi aliyesahau hotuba nyumbani. Lakini aliyewahi kusimama pembeni ya kirumbizi, Lamu, anajua vingine. Wawili wanaingia uwanjani na fimbo. Ngoma na zumari vimeshaweka mwendo, adabu ya kuingia na kutoka inajulikana, ila pigo lijalo halijui mtu, pengine hata mwenye kulipiga. Na asiye na mapigo ya zamani mwilini hana jipya la kubuni. Ataishia kukimbia fimbo.

Paxton hakuanzia kwenye uhuru. Kuanzia 1961 hadi 1964 alicheza katika kundi la dansi la Merce Cunningham, ambako hatua zilipangwa na kuhesabiwa. Aliwahi kufanya mazoezi ya viungo, kisha akajifunza aikido, sanaa ya Kijapani inayomfundisha mtu kuanguka kabla ya kumfundisha kuangusha. Januari 1972, katika Chuo cha Oberlin, Ohio, yeye na vijana kadhaa wa kiume walitandika mkeka wa mieleka wakaanza kurukiana, kugongana na kudondoka, kwa dakika kama kumi. Kazi ile iliitwa Magnesium. Ndani ya mwaka huohuo ikazaa uchezaji unaojulikana leo duniani kote kwa jina la kontakti.

Hapa pana utamu, tusipite mbio. Katika kontakti wawili hukutana kwenye sehemu moja ya mwili, tuseme bega kwa bega, na sehemu hiyo huanza kusafiri: bega linakuwa mgongo, mgongo unakuwa nyonga. Kila mmoja anamwegemezea mwenzake uzito, na uzito huo unapita kwenye mifupa zaidi kuliko kwenye misuli. Ndiyo maana mwanamke mwembamba anaweza kumbeba mwanamume mzima. Hamwinui kwa mikono; anaingia chini ya kiuno chake na kumwacha apande mwenyewe, kama mchukuzi anayejua gunia likae wapi mgongoni. Kuanguka nako kuna elimu yake. Anayeanguka huutandaza mwili sakafuni, mkono, bega, kisha mgongo, ili goti lisibebe balaa peke yake. Nani anaongoza? Mara nyingi swali hilo halina jibu, kwa sababu ngozi imeshaamua kabla akili haijaulizwa.

Hiyo ni nusu ya Paxton, yaani ngozi. Nusu ya Nelson ilikuwa jicho, na kwa maoni yangu ndiyo nusu adimu zaidi. Katika miaka ya 1970 Nelson alishika kamera ya video, akagundua kwamba jicho lenyewe hucheza: huchagua, hukata, husogea, huganda. Baadaye akatunga mazoezi ambamo wachezaji, na hata watazamaji, huweza kutoa amri katikati ya dansi: simama, rudia, rudi kinyumenyume, mwisho. Kila amri ni uamuzi wa mtunzi, ila unafanywa mbele ya watu, kazi ikiwa bado mbichi. Kwa Nelson, kutunga na kubuni ni tendo lilelile katika mwendo tofauti.

Sitaficha kwamba katika dansi ya namna hii dakika za kuchosha zipo. Wanazurura, wanatafuta, hawapati, nawe unaangalia saa. Mtunzi wa kawaida angezikata dakika hizo kwenye mazoezi, na mtazamaji asijue kwamba ziliwahi kuwapo. Paxton na Nelson walizicheza hadharani, na mimi huwaamini zaidi kwa hilo. Mwaka 2004 walirudi pamoja jukwaani na kipande kiitwacho Night Stand, wote wawili wakiwa si vijana tena, na bado hawakutaka kujua mapema usiku ungewapeleka wapi.

Paxton alifariki Februari 2024, akiwa na miaka 85. Kati ya yote aliyoyaacha, moja halihitaji jukwaa wala tiketi. Magnesium ilimalizika kwa dakika tano za kusimama tu, zoezi alilokuja kuliita dansi ndogo. Lijaribu usiku huu. Simama wima, miguu ikiachana kidogo, mikono ining'inie. Legeza kila msuli usio na kazi, kisha tulia. Utasikia kisigino kikisukuma, kifundo kikirekebisha, uti wa mgongo ukiyumba kwa kiasi ambacho jirani yako hawezi kukiona. Hukuamrisha lolote kati ya hayo.

Ukishazoea, mwite mtu mmoja asimame nyuma yako, mgongo kwa mgongo.