Bwana amepotea, wakwe wanakataza ndoa: kwa haki gani?

Wasomi wenzangu wa Kasongo na Kabambare, habari hii tunaijua. Bwana anaenda kuchimba zahabu upande wa Salamabila, miaka inapita, hakuna habari. Siku bibi anataka kuolewa tena, wakwe wanasimama: «Huyu ni bibi yetu, tulitoa mali.» Wakati watoto walifukuzwa ku masomo, wakwe hao walikuwa wapi?

Lakini tusiseme kila kizuizi ni ubaya. Kode ya Familia ya 1987 inakataza ndoa ya pili kama ya kwanza haijavunjika. Njia ni tribinali kutangaza kwanza kifo cha aliyepotea. Kanisa Katoliki linasema kukosekana peke yake, hata kwa muda mrefu, hakutoshi: askofu anatafuta alama za kifo. Kwa Waislamu, Wamaliki wanahesabu miaka mine kisha eda. Washafii wengi wanangoja hakika.

Njia zote tatu zinauliza kitu kimoja: bwana yuko hai ao hapana? Hakuna inayouliza mali ilikuwa mbuzi ngapi.

Sisi wenye lisansi tunakosea pia. Ku baraza ya familia tunanyamaza, ao tunamwambia dada «olewa tu». Bwana akirudi, ni dada anayebeba makosa. Tumsaidie kuandika ombi ku tribinali mbele ya sherehe.

Mimi ni mtu wa kilimo: udongo tunaupumzisha ili uzae tena. Mwanamke si shamba la kuachiwa majani.