Chumba cha kazi kwanza, maonyesho baadaye

Ukisema "godauni" hapa Tiira, mtu anafikiria mahindi au simiti. Nairobi neno hilo lilipata maana nyingine mwaka 2003, wakati GoDown Arts Centre ilipofunguliwa kwenye maghala ya zamani ya Dunga Road, Industrial Area. Mahali palipotengenezwa magari pakawa pa wachoraji, wacheza dansi na wanamuziki.

Mimi napasifu kwa jambo moja, na nina lawama moja.

Sifa ni hii: studio na ukumbi wa maonyesho vilikaa kwenye ua mmoja. Michael Soi alichorea hapo. Zile picha zake za China Loves Africa zinawacheka wakubwa wa Afrika na marafiki zao wa China, na kazi kama hiyo haizaliwi kwenye semina ya siku tatu. Inataka mlango wenye kufuli, kodi ambayo msanii anaiweza, na jirani wa kukuambia, "Hapo bado, rudia." Patrick Mukabi naye alikuwa hapo, yule wa akina mama wa sokoni wenye miili mikubwa. Baadaye akawa na studio ya Dust Depo, kwenye Makumbusho ya Reli, na huko pia vijana wakamfuata kujifunza. Kwangu mimi, hao vijana ni tunda kubwa kuliko maonyesho yoyote.

Sasa lawama. Industrial Area imepakana na mitaa ya Mukuru. Kila asubuhi watu wanatoka huko kwa miguu kwenda viwandani. Wale mama wa Mukabi ni watu wao kabisa, lakini picha ukutani ina bei ya mgeni na tajiri. Halafu ukaja mpango wa kujenga kituo kikubwa kipya pale pale, na wasanii wakalazimika kuhama. Jengo jipya linapendeza kwenye ripoti. Kodi nafuu ya studio haipigwi picha, ndiyo maana ni vigumu kuiombea pesa.

Hapo ndipo habari ya Nairobi inatugusa sisi. Mwaka 2008 Wakenya waliokimbia vurugu za uchaguzi waliwekwa Mulanda, Tororo, kisha wakapelekwa Kiryandongo. Mkimbizi anajua maana ya mahali pa muda. Lakini sanaa yetu nayo imefanywa ya muda. Inakaribia Juni 20, vijana wanagawiwa rangi, wanachora hema na njiwa, wageni wanapiga makofi, turubai zinaenda stoo. Juni 21 kijana hana hata brashi. Kazi yake haijakua, imeonyeshwa tu.

Hapa Tiira vijana wengi wanashinda kwenye mashimo ya dhahabu. Wenye mkono wa kuchora wanaandika mabango ya saluni, basi. Hawakosi kipaji, wanakosa pa kuacha picha ambayo haijaisha na kuikuta kesho.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, mkipanga bajeti ya sanaa, msianze na siku ya sherehe. Anzeni na chumba kimoja cha mabati, meza, taa, na ufunguo ukae kwa vijana wenyewe mwaka mzima. Wageni waje wakute kazi iko nusu, rangi haijakauka. Wakiuliza itaisha lini, aliyeichora atawajibu mwenyewe.