Anga Nyuma ya Njiwa

Kwa mbali, bizimu la mozaiki ndogo kutoka Roma hukudanganya. Utaapa limechorwa kwa brashi. Njiwa wanne wametua ukingoni mwa bakuli, mmoja kainama anakunywa. Ni nakala ya mozaiki ya kale iliyofukuliwa Tivoli mwaka 1737, na watalii wa karne ya 19 waliipenda kupita kiasi. Tia lenzi ya sonara jichoni: picha yote inavunjika kuwa vijipande vya kioo, vingi havifiki upana wa milimita moja.

Chimbuko lake ni kanisani. Unyevu wa Basilika ya Mtakatifu Petro ulikuwa ukila picha za altare, zikanakiliwa kwa mozaiki isiyooza. Baadaye mafundi wakageukia vitu vidogo vya kuuzia wageni, na mwaka 1775 Giacomo Raffaelli alikuwa akivionyesha vya kwake mjini Roma. Kioo cha rangi kililainishwa motoni, kikavutwa kikawa uzi, uzi ukakatwakatwa. Kila kipande kilishikwa kwa kibanio kikasimamishwa wima kwenye gundi isiyo na haraka ya kukauka, ili fundi apate nafasi ya kubadili nia. Mianya ikajazwa nta yenye rangi, kisha uso ukasuguliwa.

Anayetaka kuitambua mozaiki hii ya Roma asiichanganye na kazi ya Florence, ambako jani zima laweza kuwa kipande kimoja cha jiwe. Atazame na mgongo: neno ITALY kwa kawaida huashiria miaka ya baada ya 1890, Marekani ilipotunga sheria ya kutaka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka. Wakati huo vipande vilishanenepa, na maua yakatawala.

Nikipima ustadi wa fundi, mimi huanzia kwenye anga. Njiwa kila mtu atamtazama, hivyo hata fundi mvivu hujitahidi hapo. Lakini nyuma ya njiwa, mahali pasipo na kitu, fundi hodari amepanga safu kwa safu, buluu ikififia hatua kwa hatua hadi weupe, bila kutarajia shukrani ya mnunuzi. Mvivu amejaza tu. Na pale kipande kilipodondoka, baadhi ya wauzaji hupaka rangi kufunika pengo. Kwa macho matupu haionekani, ila chini ya lenzi rangi haina kingo.