Mpango wa maridhiano ulikuwepo, na baruti ikalipuliwa

Tarehe 24 Mei 2020, siku tatu kabla ya Wiki ya Kitaifa ya Maridhiano ya Australia kuanza, kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango mawili katika korongo la Juukan, eneo la Pilbara, Australia Magharibi. Moja lilikuwa na ushahidi wa watu kuishi humo tangu miaka 46,000 iliyopita. Wenye ardhi hiyo kwa asili, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, walipinga na hawakusikilizwa. Wakati huo Rio Tinto ilikuwa na mpango wa maridhiano na Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wa daraja la juu kabisa linalotolewa nchini humo.

Kwa anayezisaidia taasisi kuandaa mipango ya aina hii, tukio hilo ndilo la kulichambua kwanza, kabla hata ya kufungua kiolezo.

Mipango yenyewe ilianza mwaka 2006, chini ya shirika la Reconciliation Australia. Taasisi yoyote, iwe benki, shule, hospitali au klabu ya michezo, inaandika mpangokazi wake, shirika linausoma, linaurudisha ukarekebishwe, kisha linauidhinisha. Madaraja ni manne: la kutafakari, la kujaribu mambo mapya, la kujipa malengo mazito na la kuongoza wengine. Yaliyomo yamejengwa juu ya nguzo tatu, yaani mahusiano, heshima na fursa, pamoja na sehemu ya usimamizi.

Moyo wa mpango ni bangokitita. Aliyewahi kufanya kazi ya miradi analijua: safu ya lengo, ya kitakachofanyika, ya tarehe na ya mhusika. Mhusika huandikwa kwa cheo ili mtu akihama kazi ibaki na mwenyewe. Mstari mmoja unaweza kumtaka meneja wa ununuzi, kufikia mwezi fulani, aondoe vikwazo vinavyozuia biashara za Waaborijini kupata zabuni. Mwingine unamtaka mkuu wa rasilimali watu apitie sera ya ajira. Mwingine unahusu kuwaalika wenyeji waukaribishe mkutano kwenye ardhi yao. Kila mwaka taasisi inaripoti ilichotimiza. Huu ni ufundi mzuri, nami nautetea. Umezitoa taasisi nyingi kwenye hotuba za nia njema na kuzifikisha kwenye ahadi zenye tarehe na mtu wa kuulizwa.

Sasa tuurudie mgodi. Rio Tinto ilipata kibali cha serikali ya jimbo mwaka 2013, kwa sheria ya urithi ya mwaka 1972 ambayo ilimruhusu mwenye leseni kukata rufaa lakini haikuwapa Waaborijini haki hiyo. Kampuni ilikuwa imepima njia nne za kupanua machimbo. Tatu zingeyaacha mapango salama. Ikachagua ya nne, iliyoipa takriban tani milioni 8 zaidi za madini ya chuma, na wenyeji hawakuelezwa kwamba zile tatu zilikuwepo. Mwaka uliofuata wanaakiolojia walioitwa kuokoa vitu walifukua maelfu ya mabaki, likiwemo fundo la nywele zilizosukwa lenye umri wa miaka 4,000 hivi, na vipimo vya vinasaba vikalihusisha na wenyeji hao hao wanaoishi leo. Kibali hakikuguswa.

Mwezi Mei 2020 mashimo 382 yalikuwa yameshajazwa baruti. Wenyeji waliposihi, jibu likawa kwamba kuiondoa ni hatari. Hata hivyo, mashimo 7 yaliyotishia maeneo mengine ya urithi, ambayo kampuni haikuwa na kibali cha kuyaharibu, yaliondolewa baruti. Hapo naona uzito wa jambo lote. Uwezo wa kusitisha, hata kama ni kwa sehemu, ulikuwepo, na ulitumika pale kampuni ilipoogopa sheria. Ombi la wenyeji halikuwa na nguvu hiyo.

Reconciliation Australia ilisitisha idhini yake kwa Rio Tinto mwezi Juni. Baadaye mtendaji mkuu na wakuu wengine wawili wakaondoka. Lakini kwa mpangaji, funzo kubwa limo katika tathmini ya bodi ya kampuni yenyewe: kazi ya mahusiano na jamii na urithi ilikuwa imekaa mbali na wasimamizi wa uzalishaji. Wanaoandaa ratiba ya ulipuaji walikuwa upande mmoja, na wanaozungumza na wazee wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura upande mwingine. Bangokitita linaweza kujaa alama za kutimiza kila robo mwaka huku uamuzi wenye madhara makubwa kuliko yote ukipitia mlango mwingine.

Kwa hiyo, ninapoletewa rasimu, naanza na safu ya mhusika. Ikiwa vyeo vyote ni vya mawasiliano, rasilimali watu na uhusiano wa umma, rasimu hiyo haijafika. Kampuni ya madini lazima imwandike meneja wa mgodi. Benki, anayepitisha mikopo. Hospitali, mganga mkuu. Kisha natafuta mstari unaosema ni lini wenyeji wanaonyeshwa njia zote zinazopimwa, pamoja na ile ya kutofanya kabisa, na nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi wakikataa. Mstari huo hupingwa kuliko mingine yote, na mara nyingi wanasheria ndio huwa wa kwanza kutaka ufutwe. Usifutwe.

Baada ya mlipuko huo, Rio Tinto yenyewe ilihamishia jukumu la urithi kwa wasimamizi wa uzalishaji. Mwaka 2022 ilitia saini na wenyeji makubaliano ya fidia yaliyoanzisha mfuko wa kumbukumbu ya Juukan, na mwaka 2025 ikafuata hati ya usimamizi wa pamoja, inayowashirikisha Puutu Kunti Kurrama na Pinikura tangu hatua za mwanzo za kupanga uchimbaji kwenye ardhi yao.