Kilima Kilichosawazishwa: Tahakiki ya Uwakilishaji wa Sura ya Nchi katika Modeli za Uigaji wa Ulinzi wa Anga

Katika modeli za uigaji wa ulinzi wa anga, ardhi hugeuzwa kuwa gridi ya nukta za mwinuko, kisha kompyuta hukagua iwapo mstari kutoka rada hadi ndege unakatizwa na nchi. Tahakiki hii inadai kuwa kasoro kuu ya uwakilishaji huo si ukubwa wa kosa pekee, bali pia mwelekeo wake. Nukta zikiwa mbali, au mwinuko ukiwa wa wastani, vilele hupungua. Hivyo rada ya modeli mara nyingi huona mbali kuliko rada halisi.

Hasara yake hupimwa kwa sekunde. Kwenye nchi tambarare, antena iliyo mita 10 juu huweza kuiona ndege inayoruka mita 50 kutoka ardhini ikiwa umbali wa kilomita 42 hivi. Kwa kasi ya mita 250 kwa sekunde, walinzi hupata takriban sekunde 168. Mgongo wa kilima ukiificha ndege hiyo hadi kilomita 5, zinabaki sekunde 20. Gridi yenye nafasi ya mita 90 baina ya nukta yaweza kuuruka mgongo mwembamba na kuwapa walinzi muda wasio nao.

Vita vya Visiwa vya Falkland vinathibitisha uzito wa jambo hili. Waingereza walipotua San Carlos tarehe 21 Mei 1982, ndege za Argentina ziliruka chini zikijificha nyuma ya vilima, na mwangwi wa nchi kavu ukazitatiza rada za meli. Manowari Ardent ilipigwa siku hiyo, ikazama. Hata hivyo, vilima hivyo viliwabana marubani pia: walikuwa na muda mfupi wa kulenga, na mabomu kadhaa yaliyoangushwa kutoka chini mno hayakulipuka. Modeli inayohesabu kinga ya mshambuliaji bila kuhesabu dhiki yake imewakilisha nusu ya kilima.

Data za chombo Endeavour za Februari 2000, zenye nafasi ya takriban mita 30, zimepunguza tatizo bila kulimaliza, kwani penye msitu mnene kipimo hicho hakifiki ardhini. Modeli adilifu, basi, haitoi jibu moja. Hurudia hesabu kwa miinuko mbalimbali inayowezekana na kuonyesha tofauti zake. Kamanda anayepewa sekunde 168 bila shaka yoyote juu yake amepewa tarakimu, hajapewa maarifa.