Hongereni, Mama Lishe wa Kagera

Ukitaka ubishi Bukoba, uliza ndizi tamu zinapikwa wapi. Huyu atamwapia mama lishe wa stendi, anayezichanganya na maharage mpaka mchuzi ushike. Yule atasema hujala bado, nenda Muleba ukale na sato aliyevuliwa alfajiri. Novemba senene wakianguka, ubishi huhamia kikaangoni: wakaukie kabisa au wabaki na mafuta? Jioni ni zamu ya rubisi: ndizi mbivu zilizokamuliwa kwa nyasi, zikatiwa mtama na kulazwa zichachuke. Wengi wa wapishi hawa hawana bango; sifa zao husambazwa na midomo ya wateja, na chumvi ikizidi, habari hufika mbali. Kwa kustahimili mahakimu hao kila siku, akina mama, heko!